Mlango Umezidi Milimita Tatu: Kosa ni la Kompyuta au la Chuma?

Mteja wa mlango haji na geji. Anasimama mbele ya fremu, anafunga mlango, anatazama uwazi ulioachwa kati ya ubao na fremu kuanzia juu mpaka chini. Ukiwa sawa, mambo yameisha, anatoa hela. Ukianza na milimita mbili kwenye bawaba ya juu na kufika tano kwenye ya chini, hakuna maneno yatakayomtuliza, hasa kama aliambiwa tangu mwanzo kwamba kazi yake itakatwa na kompyuta.

Ni malalamiko ya kawaida kwa mafundi waliofufua mashine kuukuu za CNC, zile meza kubwa za kukata na kuchonga mbao zinazotufikia zikiwa zimeshamaliza zamu yao kwenye viwanda vya Ulaya au Asia. Kununua mashine ya namna hiyo si ujinga. Nyingi za miaka ya 1990 zina fremu ya chuma kizito, reli nene na spindo yenye nguvu, vitu ambavyo kwa bei hiyohiyo huvipati kwenye mashine mpya. Kinachokufa kwanza ni ubongo: kadi ambazo kiwanda kiliacha kuziuza zamani, betri ya kumbukumbu iliyoisha ikaondoka na mipangilio yote, skrini iliyozimika. Fundi anang'oa vyote hivyo, anafunga draiva mpya na mota mpya, anaweka kompyuta yenye LinuxCNC au Mach3, au ile rimoti ya DSP inayoshikwa mkononi, na mashine inatembea tena. Siku hiyo karakana nzima inashangilia. Kesho yake mtu anachukua tepu, anapima kipande cha kwanza, na namba hazikubaliani.

Wengi wanapotea hapo. Wanafungua ukurasa wa mipangilio, wanaitafuta ile namba inayoiambia kompyuta mapigo mangapi ya umeme yanasogeza mashine milimita moja, wanaikoroga mpaka tepu iridhike. Kipande cha mita moja kinatoka mita moja kamili. Wiki inayofuata kipande cha sentimita ishirini kimezidi, duara limekuwa yai, na namba inakorogwa upya. Kuna karakana ambako namba hiyo imebadilishwa kiasi kwamba hakuna anayejua tena ilianzia wapi. Msimamo wangu ni kwamba namba hiyo haitafutwi kwa tepu, inakokotolewa kwa kuhesabu meno. Ukishaikokotoa sawasawa na bado haikubaliani na kipimo, maana yake kuna kitu kimelegea, kimechakaa au kimefungwa vibaya, na ile tofauti ndiyo itakayokupeleka kilipo. Ukiikoroga namba, tofauti inafichika na kitu kinabaki kilivyo.

Kwanza tuelewane kompyuta inajua nini. Kuendesha mashine kwa namba kulianzia Marekani, kwa John Parsons wa Traverse City, Michigan, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta na akataka mikunjo yake itokane na hesabu badala ya jicho la fundi. Kazi hiyo ilifika kwenye maabara ya Servomechanisms ya chuo cha MIT, na mwaka 1952 mashine ikaonyeshwa ikifanya kazi, ikisoma amri zake kwenye utepe uliotobolewa matundu. LinuxCNC inayotumika leo kwenye karakana za watu ilichipuka kutoka mradi wa NIST, taasisi ya viwango ya serikali ya Marekani, na ndiyo sababu inapatikana bure. Katika miaka yote hiyo jambo moja halikubadilika: kompyuta inatoa amri ya kuzunguka, na kati ya mota na ncha ya biti kuna msururu wa vyuma ambao kompyuta haiuoni.

Mashine za viwandani kwa kawaida zina mota za sevo, zenye enkoda mgongoni inayorudisha habari kwamba mota imezunguka kiasi gani. Anayefufua mashine mara nyingi anaziondoa na kuweka stepa, kwa sababu stepa ni rahisi na zinapatikana. Hapo ameondoa na ile habari ya kurudi. Kompyuta inatuma mapigo 10,000 na kuamini kwamba mota imeyatii yote, kama mtu anayehesabu hatua zake gizani bila kunyoosha mkono kugusa ukuta. Na hata palipo na enkoda, inaripoti mzunguko wa mota tu. Kapulingi ikiteleza, beringi ikicheza, bolti zikilegea, enkoda itaendelea kusema mambo ni shwari.

Basi tuhesabu meno.

Stepa ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Draiva inazigawa hatua hizo vipande vidogo. Ukiiweka igawe kwa kumi, mzunguko mmoja unakuwa mapigo 2,000. Kama mota imeunganishwa moja kwa moja na skrubu ya gololi inayosogeza milimita 5 kila mzunguko, jibu ni mapigo 400 kwa milimita. Lakini mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa na skrubu ya inchi, ya mizunguko mitano kwa inchi moja, ambayo ni milimita 5.08. Kwa macho hutaitofautisha na ile ya 5. Jibu lake sahihi ni 393.7, na aliyeandika 400 ataomba milimita 1,000 apewe 1,016. Kosa kubwa hivyo linaonekana hata na asiyetaka kuliona. Yanayotesa ni madogo.

Mihimili mirefu ya mashine za mbao mara nyingi haitembei kwa skrubu. Inatembea kwa reki, ule mwamba wa chuma wenye meno uliofungwa ubavuni mwa meza, na pinioni ya mota inayopanda juu yake. Pinioni ya moduli 1 (moduli ni kipimo cha ukubwa wa jino) yenye meno 20 inasogea, kwa kila mzunguko, 20 mara pai: milimita 62.832. Pakiwa na gia ya kupunguza mwendo ya tano kwa moja, mapigo 10,000 yanagawiwa kwa 62.832 na kutoa 159.155 kwa milimita. Sasa, aliyesoma shule zetu ana pai mbili kichwani, 22/7 na 3.14, na zote mbili zilimtosha kwenye mtihani. Akitumia 22/7 hapa, karatasi ya plaiwudi ya futi nane, yaani milimita 2,440, itapungua karibu milimita moja kamili. Akitumia 3.14 itazidi milimita 1.2. Watu wamebadilisha mota kwa sababu ya kosa hili. Kumbe kilichohitajika ni kubonyeza kitufe cha pai kwenye kikokotoo.

Reki ina mtego wake wa pili. Kuna za meno yaliyonyooka na kuna za meno ya mshazari, yaliyolazwa kwa pembe ili yaingiane taratibu bila makelele. Kwenye reki nyingi za mshazari za moduli 1, kutoka jino hadi jino kuna milimita 3.333, si 3.142, na pinioni ileile ya meno 20 inasogea 66.667. Aliyehesabu meno bila kutazama yamelala vipi atakosea asilimia sita. Sugua vumbi la mbao kwa brashi ya waya, laza rula ya chuma juu ya reki, hesabu meno kumi. Yakichukua milimita 31.4 ni ya kunyooka, yakichukua 33.3 ni ya mshazari. Na wakati brashi iko mkononi, angalia vumbi lililogandamana chini ya meno. Likichanganyika na grisi kwa miaka linakuwa gumu, linainua pinioni kila inapopita, na mashine itakuwa na kosa mahali pamoja tu pa meza. Hakuna mpangilio wa kompyuta utakaolitibu hilo.

Ukishapata namba kwa hesabu ndipo upime, na hapo tepu inaleta shida yake. Ile ndoano ya mwanzo wa tepu imetengenezwa icheze, isogee kwa unene wake wenyewe, ili ipime sawa ikivutwa au ikisukumwa. Ikishaangushwa mara kadhaa inacheza zaidi ya hapo. Hata ikiwa mpya, tepu iliyoandikwa daraja la II inaruhusiwa kukosea milimita 0.9 kwenye mita tatu. Huwezi kuidai mashine sehemu ya kumi ya milimita kwa kipimo kinachoruhusiwa kukosea karibu milimita nzima.

Njia ninayoiamini haina gharama. Chukua ubao uliopakwa rangi nyeusi, ufunge mezani kwa vibano, funga biti yenye ncha kali, kisha uamuru mashine ichore mstari mwembamba, isogee milimita 900, ichore mwingine. Pima mstari kwa mstari kwa rula ya chuma ya mita moja, ukianzia alama ya 50 badala ya ncha ya rula. Ukubwa wa biti umeondoka kwenye hesabu, kwa kuwa hupimi ukingo. Na uhakikishe kwamba mashine inaufikia kila mstari ikitokea upande uleule, ikiwezekana kwa kuirudisha nyuma milimita 20 na kuileta tena. Hatua hiyo inaondoa mchezo wa vyuma, na unabaki na urefu peke yake. Mistari ikikaa 900 kwa mtihani huu, namba yako iache. Kama vipande bado vinatoka vibaya, ugonjwa uko kwingine.

Kwingine kwenyewe kunajulikana kwa tabia yake. Kuna makosa yanayokua kadiri kipande kinavyorefuka, hayo ni ya meno na pai. Kuna yanayobaki yaleyale kipande kiwe kirefu au kifupi. Na kuna yanayokua kadiri saa zinavyokwenda. Fundi anayejiuliza swali hili kabla ya kugusa bisibisi ameshafanya nusu ya kazi. Jaribio jingine rahisi ni kupunguza mwendo nusu na kukata kipande kilekile: kosa likibadilika, basi halihusiani na hesabu ya meno, kwa sababu meno hayajui mwendo.

Kosa lisilobadilika na urefu kwa kawaida ni mchezo, ulegevu unaojitokeza mhimili unapogeuka. Mota imeanza kurudi lakini daraja linalobeba spindo bado limesimama, likingoja vyuma vigusane upande wa pili. Lionyeshe kwa duara: amuru mashine ikate duara la milimita 200 na ulitazame kwa upande wa mwanga. Kwenye zile nukta nne, juu, chini, kushoto na kulia, ambako mhimili mmoja unageuka, utakuta bapa dogo au ngazi inayokwaruza ukucha. Duara lililovutwa kama yai kufuata mhimili mmoja ni habari nyingine, hiyo ni namba ya mhimili mmoja kutokubaliana na ya mwenzake. Yai likilala mshazari, kwa nyuzi 45, shuku kwanza kwamba mihimili haiko kwenye pembe ya mraba.

Mchezo unapimwa kwa geji ya mshale, ile yenye kitako cha sumaku. Bei yake ni ndogo kuliko ya mota moja ya stepa, na najiuliza ni karakana ngapi zimenunua mota za akiba kabla ya kuwa nayo. Isimamishe mezani, kidole chake kikiugusa mwili wa spindo. Sogeza mhimili kuelekea geji mpaka mshale uzunguke kidogo, uweke sifuri, kisha uamuru mashine irudi kwa sehemu za mia za milimita, moja moja. Hesabu amri ngapi zinapita kabla mshale haujatikisika. Amri ishirini bila mshale kutikisika ni mchezo wa milimita 0.2.

Kuupata mchezo ni jambo moja, kupata unakoishi ni jambo lingine, na geji ileile ndiyo inayokuongoza. Kwenye mhimili wa skrubu, hamishia kidole chake kwenye ncha ya skrubu yenyewe, kisha mwenzako asukume na kuvuta daraja kwa mikono huku mota zikiwa na umeme. Ncha ya skrubu ikiingia na kutoka, beringi ya mwisho wa skrubu imechoka au nati yake ya kubana imelegea. Ncha ikitulia na daraja likacheza, ugonjwa uko kwenye nati ya gololi. Kwenye reki, angalia kama pinioni inabanwa na springi au imefungwa kwa bolti tu. Iliyofungwa kwa bolti itaachia nafasi mahali reki ilipochakaa na kukaba mahali ilipo mpya, na sehemu ya reki iliyochakaa ni ile ya katikati ya meza, ambako kazi zote za miaka ishirini zilifanyika.

LinuxCNC na Mach3 zote zina mahali pa kuandika kiasi cha mchezo ili kompyuta iufidie kwa kuongeza safari kila inapogeuka. Napendekeza mahali hapo pabaki sifuri mpaka vyuma viwe vimekazwa vyote vinavyokazika. Fidia ya kompyuta inachukulia kwamba mhimili unakaa upande mmoja wa ulegevu ukingoja amri. Biti inayokata mninga haingoji. Inavuta mhimili kwa nguvu zake, ndani ya ulegevu uleule, na ukingo wa mbao unatoka na mawimbi ambayo geji haikuyaona mashine ilipokuwa imetulia. Kwa masalia ya sehemu chache za mia baada ya kukaza, sawa, iandike.

Sasa lile linalokua kadiri saa zinavyokwenda. Kwenye mlango wa nakshi linaonekana vizuri kuliko popote. Nakshi ya mtindo wa Zanzibar inachongwa kwa awamu mbili, biti nene ikitangulia kuondoa mbao na biti ndogo ya mviringo ikifuata kulainisha. Mapigo yakipotea katikati, awamu ya pili inakaa pembeni ya ya kwanza, na kila jani la ua linabaki na ngazi ndogo ubavuni. Tazama ngazi hizo kwa karibu. Zikiwa upande uleule kwenye maua yote na zikizidi kina kadiri unavyosogea kule kazi ilikomalizikia, mhimili mmoja umekuwa ukihama polepole muda wote. Zikianza ghafla kwenye ua fulani na kubaki sawa baada ya hapo, mashine iliruka mara moja tu, na ungependa kujua nini kilitokea dakika ile.

Anza na kinachoonekana kwa macho. Chora mstari mmoja kwa wino mweupe wa kufutia, uanzie kwenye shafti ya mota, upite juu ya kapulingi na kuishia kwenye skrubu au pinioni. Fanya hivyo kila mhimili. Endesha kazi ya saa nzima kisha urudi na tochi. Mstari uliokatika, kipande kimoja kimesogea kutoka kwa mwenzake, unakuonyesha skrubu ya kubania iliyoteleza. Hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa pale mota mpya ina shafti laini ya mduara na kapulingi ya zamani ilizoea shafti yenye bapa.

Mistari ikiwa mizima, geukia umeme. Andika programu fupi inayopeleka mhimili milimita 100 na kuurudisha, mara 500, pasipo kukata chochote, geji ya mshale ikiwa kwenye kituo cha kuanzia. Endesha kwanza spindo ikiwa imezimwa na mwendo ukiwa wa chini. Kisha mwendo wa juu. Kisha mwendo wa chini tena lakini spindo ikinguruma.

Kama inahama kwenye mwendo wa juu tu, mota inazidiwa. Punguza kasi ya kuanzia na kusimamia kabla ya kupunguza mwendo wenyewe, maana stepa nyingi zinashindwa pale zinapotakiwa kuruka kutoka kwenye utulivu. Angalia na umeme unaolisha draiva. Nguvu ya stepa kwenye mwendo wa kasi inategemea volti, na pawasapulai ya transfoma isiyo na udhibiti inashuka pamoja na umeme wa mtaa. Mashine isiyokosea asubuhi na inayokosea saa moja jioni, mtaa mzima ukiwa umewasha pasi na majiko, ipimwe volti saa moja jioni.

Ikihama spindo inapowashwa, mkosaji ni mwingiliano kutoka kwenye invata. Invata inaendesha spindo kwa kukata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na waya wake ukilala pamoja na waya za mapigo ndani ya mnyororo uleule wa plastiki, draiva inahesabu kelele hizo kama amri. Waya wa spindo uwe na wavu wa chuma uliofungwa ethi, upite njia yake mwenyewe, na boksi zima liwe na ethi ya kweli inayofika ardhini. Waya wa kijani unaoishia kwenye soketi isiyo na kitu nyuma yake hauhesabiki.

Ikihama daima, mwendo wowote, spindo ikiwa imezimwa, na ukipunguza safari kutoka 500 kuwa 250 kosa likawa nusu hasa, umepata kosa ambalo nakiri linanifurahisha kwa jinsi lilivyo safi. Draiva inapokea waya mbili: mmoja unasema upande, mwingine unapiga. Inapiga hatua pale umeme unapopanda, au pale unaposhuka, kutegemea ilivyoundwa. Kompyuta ikiwekewa kinyume chake, mashine itatembea vizuri kabisa, isipokuwa pale inapogeuka, ambapo pigo moja linaweza kufika upande ukiwa bado unabadilishwa. Pigo moja kwenye mhimili wetu wa reki ni milimita 0.0063, hakuna geji ya karakana itakayoliona. Likipotea mara moja kila kwenda na kurudi, safari 500 zinakupa milimita 3.1. Nakshi yenye maelfu ya miinuko na mishuko inaweza kuhamisha mhimili wa spindo kwa kiasi cha kutoboa mlango. Tiba ni kugeuza mpangilio wa pigo kwenye programu na kuongeza muda wa kungoja kati ya amri ya upande na pigo. LinuxCNC inaandika muda huo kwa nanosekunde. Draiva za kawaida za stepa huomba takriban 5,000, na karatasi ya kiwanda ya draiva yako ndiyo ya kufuatwa.

Pembe ya mraba nitaipitia haraka kwa sababu mafundi uashi wameshaimaliza: tatu, nne, tano, kama wanavyopiga msingi. Toboa matundu manne ya mstatili wa milimita 600 kwa 800 na upime mishazari miwili, tundu kwa tundu. Yote ikiwa 1,000, nenda kanywe chai. Ikitofautiana milimita 1.2, daraja limepinda milimita moja kwa kila 800, na hapo ndipo ule mlango wa milimita mbili juu na tano chini ulipozaliwa. Daraja linalosukumwa na mota mbili, moja kila upande, linapinda kirahisi mota moja ikichelewa wakati wa kuwasha. Kila upande uwe na swichi yake ya kituo, na swichi zirekebishwe mpaka mishazari ikubaliane.

Yapo yanayosingiziwa mashine bure. Biti iliyoandikwa 6 na kunolewa mara mbili haiko tena 6, ipime kwa venia. Koleti yenye unga wa mbao ndani inaifanya biti iyumbe na kukata mfereji mpana kuliko biti yenyewe. Kona zinazotoka za mviringo kadiri unavyoongeza mwendo ni kazi ya amri ya G64, inayoruhusu kompyuta kulainisha njia ili isisimame kila kona. G61 inaifuata njia kama ilivyochorwa, na kazi inakwenda polepole zaidi. Mbao nazo zina yao. Ubao wa mkongo ambao haujakauka vizuri utakatwa sawasawa leo na kukosea wenyewe mwezi ujao, na karatasi ya MDF iliyoegemezwa kwenye ukuta wenye unyevu hapa Pwani imeshavimba kingo kabla haijafika mezani.

Suala la kiasi gani kinatosha lina majibu tofauti kwa kila kazi. Kwa milango na kabati, mashine inayorudi mahali pake kwa milimita 0.1 na kushika pembe kwa 0.2 kwenye karatasi nzima inatosha, na hela ya kutafuta zaidi ya hapo afadhali inunue biti nzuri. Skrubu za gololi za daraja C7, zinazouzwa sana kwa kazi hizi, zenyewe zinaruhusiwa kukosea milimita 0.05 kwa kila 300. Anayetaka kutengeneza vipuri vya chuma kwa mashine ya mbao iliyofufuliwa anatafuta ugomvi.

Kilicho cha lazima ni karatasi, iliyobandikwa kwa ndani kwenye mlango wa boksi la umeme. Iandikwe meno ya pinioni, moduli yake, meno yamenyooka au ni ya mshazari, uwiano wa gia kwa kuhesabu meno ya puli zote mbili, draiva imegawa hatua kwa ngapi, pigo linasomwa likipanda au likishuka, na mchezo uliopimwa kwenye kila mhimili pamoja na tarehe. Namba ya mapigo kwa milimita iwe ya mwisho kabisa, ikiwa na mlinganyo wake pembeni, ili atakayekuja na tepu kutaka kuikoroga alazimike kwanza kueleza ni jino lipi limebadilika.